Vifaa vya Nyumba Janja Vinapopotea Mtandaoni: Mwongozo wa Kutafuta Chanzo Hatua kwa Hatua

Maswali yanayoletwa na watu walioanza karibuni kutumia vifaa janja nyumbani yanafanana mno. Balbu inaandikwa kwamba haipatikani ilhali inawaka. Kihisi cha mlango kilichofanya kazi miezi kadhaa bila kasoro kinanyamaza ghafla. Kifaa kipya kinakataa katakata kuunganishwa. Majibu wanayopewa nayo yanafanana: kifute, kirejeshe katika hali ya kiwandani, kiunganishe upya. Ushauri huo mara nyingi huleta nafuu ya siku chache, kwa kuwa kifaa kinachounganishwa upya hutafuta njia nyingine ya kukifikia kitovu, yaani kifaa kinachoviongoza vingine vyote. Hata hivyo, chanzo cha tatizo kikiwa hakijaguswa, njia hiyo nayo huharibika, na mwenye kifaa hujikuta palepale alipoanzia, ila safari hii akiwa ameshaufuta ushahidi ambao ungemwongoza.

Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaweka kuunganisha upya karibu na mwisho. Hatua zimepangwa kuanzia zile zisizoharibu kitu hadi zile zenye usumbufu, na inakupasa kuimaliza kila moja kabla ya kuingia inayofuata. Maelezo mengi yanahusu vifaa vya Zigbee, yaani vinavyowasiliana kwa mtandao wao wa redio badala ya Wi-Fi, na hatua moja imetengwa kwa ajili ya vifaa vya Wi-Fi.

Mahitaji

- Jina na nenosiri la kuingilia kwenye mipangilio ya ruta. Hili si lile nenosiri la kuunganishia simu kwenye Wi-Fi.
- Uwezo wa kuingia kwenye programu inayoendesha kitovu chako, iwe ni Home Assistant, Zigbee2MQTT au programu ya simu iliyotolewa na mtengenezaji.
- Simu ya Android yenye programu ya kuonyesha chaneli za Wi-Fi zilizo karibu. Baadhi ya ruta huonyesha taarifa hizo kwenye kurasa zake zenyewe.
- Betri mpya za aina iliyoandikwa kwenye vifaa vyako, kwa kawaida CR2032, CR2450 au AAA.
- Waya wa kurefusha wa USB wenye urefu wa mita 1 au zaidi, iwapo kitovu chako ni adapta inayochomekwa kwenye kompyuta.
- Plagi janja moja ya Zigbee ambayo haijapangiwa kazi. Itakusaidia katika hatua ya 6.
- Karatasi na kalamu.
- Nakala rudufu ya mipangilio ya kitovu, iliyohifadhiwa kwenye kifaa kingine kabla hujagusa chochote.

Machache ya kufahamu kwanza

Mtandao wa Zigbee una aina tatu za vifaa. Kitovu ndicho kinachouanzisha mtandao na kutunza ufunguo wake wa siri. Vipitishaji ni vifaa vinavyotumia umeme wa ukutani, kama vile plagi janja na balbu nyingi. Pamoja na kazi yake ya kawaida, kipitishaji hupokea ujumbe wa kifaa kingine na kuusogeza mbele kuelekea kitovu. Vifaa vya betri havipitishi ujumbe wa vingine. Hulala muda mwingi ili kutunza betri, na kila kimoja huzungumza na kifaa kimoja tu cha jirani, ambacho huitwa mzazi wake. Mzazi akitoweka, kifaa hicho hubaki yatima hadi kitakapopata mzazi mwingine, na si vyote vinavyotafuta kwa bidii.

Vifaa vya Wi-Fi havina utaratibu huo, kwani kila kimoja huzungumza moja kwa moja na ruta. Thread, mtandao mwingine wa redio unaotumiwa na baadhi ya vifaa vya Matter (kiwango cha pamoja cha vifaa janja vya kampuni tofauti), hutumia redio ya kiwango kilekile cha Zigbee, yaani IEEE 802.15.4, hivyo maelezo ya mahali pa kuweka kitovu na ya chaneli yanaihusu pia. Z-Wave, redio nyingine ya vifaa janja, iko mbali na msongamano wa gigahezi 2.4, eneo la Zigbee na Wi-Fi, kwa kuwa hutumia masafa yaliyo chini ya gigahezi 1: megahezi 868.42 Ulaya na 908.42 Marekani. Kifaa cha Z-Wave kilichotengenezwa kwa soko la Marekani hakitaungana kamwe na kitovu cha Ulaya, na hakuna mpangilio wa programu utakaolibadilisha hilo.

Hatua za kufuata

1. Andika hitilafu kabla ya kuigusa. Andika ni vifaa gani vimepotea, viko chumba gani, vinatumia betri au umeme wa ukutani, na vilionekana mara ya mwisho saa ngapi. Kisha andika kilichobadilika nyumbani siku zilizotangulia: ruta mpya, televisheni iliyohamishwa, balbu iliyoondolewa, programu iliyosasishwa. Wengi huiruka hatua hii kwa kuiona ya kiofisi, lakini ndiyo inayookoa muda kuliko zote, kwa sababu mpangilio wa hitilafu hueleza mengi kabla hujafungua mipangilio yoyote. Vifaa vyote vya Zigbee vikipotea kwa pamoja, shuku kitovu. Vikipotea vya chumba kimoja au upande mmoja wa nyumba, shuku kipitishaji kilichokuwa kikivihudumia. Vikipotea vya betri peke yake, huku plagi na balbu zikiendelea kutii, tafuta mzazi aliyetoweka au betri zilizochoka. Vikipotea vya Wi-Fi peke yake, nenda moja kwa moja hatua ya 7.

Zingatia pia kwamba neno "haipatikani" halina maana moja katika programu zote. Kwa mipangilio ya kawaida, Zigbee2MQTT inapofuatilia upatikanaji wa vifaa huhesabu kifaa cha umeme wa ukutani kuwa kimepotea baada ya dakika 10 za ukimya, na cha betri baada ya saa 25. ZHA, iliyomo ndani ya Home Assistant, husubiri saa 2 kwa vya ukutani na saa 6 kwa vya betri. Maana yake ni kwamba kihisi kilichoandikwa leo kuwa kimepotea huenda kiliacha kuzungumza jana, na tukio la kulitafuta ni la jana.

2. Hakiki umeme. Anza na swichi za ukutani. Mtu akizima balbu janja kwa swichi ya ukutani, si balbu hiyo tu inayopotea: vifaa vyote vilivyokuwa vikipitisha ujumbe kwake hubaki bila njia. Katika nyumba yenye watu wengi hiki ndicho chanzo cha kwanza cha kukishuku, na tiba yake ni mazungumzo na wenzako nyumbani, au kuweka kitufe janja juu ya swichi ya zamani ili watu wapate cha kubonyeza.

Baada ya hapo badilisha betri ya kifaa kinachosumbua, hata kama programu inasema imebaki asilimia 60. Asilimia hiyo kwa kawaida hukadiriwa kutokana na volteji, na betri ndogo za duara hushikilia volteji karibu ileile kwa sehemu kubwa ya maisha yake kisha hushuka kwa haraka. Isitoshe, kifaa kinapotuma ujumbe huvuta mkondo mkubwa kwa muda mfupi, na betri iliyochoka huyumba wakati huohuo ambao hakuna anayeipima. Baridi huzidisha hali hiyo, kwa hiyo kihisi kilichomo ndani ya friji au nje ya nyumba kinaweza kupotea usiku na kurudi mchana.

Tahadhari: usifungue kisanduku cha umeme cha ukutani kuchunguza swichi janja kama huna ujuzi huo. Hiyo ni kazi ya fundi umeme. Betri za duara nazo ziweke mbali na watoto wadogo, kwa kuwa ikimezwa huunguza koo na inaweza kuua.

3. Tenganisha tatizo la intaneti na tatizo la mtandao wa ndani. Zima data ya simu, unganisha simu kwenye Wi-Fi ya nyumbani, kisha chomoa kwenye ruta waya unaoleta intaneti. Jaribu kuwasha kifaa. Kikitii, mtandao wako wa ndani ni mzima na tatizo liko kwenye huduma ya intaneti au kwenye seva za mtengenezaji. Kisipotii, bado usikilaumu, kwa sababu vipo vifaa vilivyotengenezwa ili kila amri ipitie kwenye seva za nje hata kama simu na taa viko chumba kimoja. Soma maelezo ya kifaa husika ili ujue kiko kundi gani. Binafsi huona kifaa cha aina hiyo hakifai kupewa kazi muhimu kama mlango au king'ora. Rudisha waya wa intaneti kabla ya kuendelea.

4. Chunguza mahali kitovu kilipo. Adapta ya Zigbee iliyochomekwa moja kwa moja nyuma ya kompyuta, kando ya diski ya nje, ni chanzo cha hitilafu nyingi zinazoonekana kama miujiza. Mwaka 2012 kampuni ya Intel ilichapisha maelezo ya kiufundi yanayoonyesha kwamba mawasiliano ya USB 3.0 hutoa kelele ya redio katika eneo la gigahezi 2.4, na hapo ndipo Zigbee inapofanya kazi. Kelele hiyo hutoka kwenye tundu, kwenye waya na kwenye kifaa kilichochomekwa. Kitovu kilichozungukwa na kelele bado kinaweza kutuma vizuri, lakini husikia vibaya. Ndiyo maana taa zilizo karibu hutii huku vihisi vya mbali, vyenye sauti ndogo, vikionekana kuwa vimekufa.

Fanya hivi kwa mfuatano: chomoa adapta, iunganishe kwenye waya wa kurefusha, chomeka waya huo kwenye tundu la USB 2.0 kama lipo, kisha iweke adapta mahali palipo wazi, mbali na kompyuta na diski. Iache umbali wa mita moja au zaidi kutoka kwenye ruta. Usiiweke ndani ya kabati la chuma, nyuma ya televisheni wala sakafuni. Kama ina antena, isimamishe wima.

Ikiwa kitovu chako ni kisanduku kinachojitegemea, sogeza kisanduku chenyewe. Wengi hukipandisha juu ya ruta kwa sababu waya wa mtandao uliokuja nacho ni mfupi. Nunua waya mrefu zaidi.

Baada ya kuhamisha kitovu, acha siku nzima ipite bila kubadilisha kitu kingine. Vipitishaji huhitaji muda kupanga njia upya, na mtu anayebadilisha mahali, chaneli na betri jioni moja hatajua ni lipi lililotibu.

5. Panga chaneli. Zigbee na Wi-Fi ya gigahezi 2.4 hutumia eneo lilelile la masafa, lakini kila moja ina hesabu yake ya chaneli, na hapo wanaoanza hupotea njia. Chaneli 11 ya Wi-Fi na chaneli 11 ya Zigbee hazikutani kabisa. Zigbee ina chaneli 16, kuanzia 11 iliyo kwenye megahezi 2405 hadi 26 iliyo kwenye megahezi 2480, zikipishana kwa megahezi 5. Chaneli moja ya Wi-Fi ni pana zaidi, takriban megahezi 20, kwa hiyo hufunika chaneli nne za Zigbee kwa pamoja:

- Wi-Fi chaneli 1 hufunika Zigbee 11 hadi 14.
- Wi-Fi chaneli 6 hufunika Zigbee 16 hadi 19.
- Wi-Fi chaneli 11 hufunika Zigbee 21 hadi 24.

Zinazobaki kwenye mianya ni 15, 20, 25 na 26. Chaneli 26 inavutia kwa kuwa iko mbali zaidi na Wi-Fi, lakini baadhi ya vifaa haviitumii kabisa, na vingine hupunguza nguvu ya kutuma vinapokuwa humo. Chagua 25 badala yake, au 15 au 20 kulingana na majirani.

Kabla ya kubadilisha chaneli ya Zigbee, jaribu kwanza kuhamisha Wi-Fi yako, kwa sababu simu na kompyuta huifuata ruta zenyewe bila usumbufu. Ingia kwenye mipangilio ya ruta, nenda sehemu ya gigahezi 2.4, ondoa uchaguzi wa chaneli wa moja kwa moja, weka 1, 6 au 11, na upana uwe megahezi 20. Upana wa megahezi 40 katika eneo hili humeza karibu nusu ya nafasi yote na faida yake ni ndogo; wanaotaka kasi wahamie gigahezi 5. Uchaguzi wa moja kwa moja ndio unaoeleza kwa nini mtandao uliokuwa mzima wiki nzima huvurugika asubuhi moja bila mtu kugusa kitu: ruta ilijiwasha upya usiku na kuchagua chaneli nyingine.

Tahadhari: ukilazimika kubadilisha chaneli ya Zigbee, vipitishaji kwa kawaida hufuata, lakini vifaa vya betri vilivyokuwa vimelala wakati tangazo linatolewa vinaweza kubaki nyuma. Viamshe kimoja kimoja kwa kubonyeza kitufe chake, na ujiandae kuunganisha upya vile ambavyo havitarudi.

6. Imarisha njia ya vipitishaji. Fungua ramani ya mtandao kama programu yako inayo. Tafuta kifaa kinachosumbua na uone mzazi wake ni nani. Usiogopeshwe na mistari hafifu wala kifaa kinachoonekana hakijaungana na chochote. Ramani ni picha ya wakati mmoja, kifaa kilicholala huenda hakikuonekana wakati inapigwa, na namba ya ubora wa kiungo, ambayo huanzia 0 hadi 255, hukokotolewa kwa namna tofauti na watengenezaji tofauti. Linganisha kifaa na chenyewe cha juzi, usikilinganishe na cha kampuni nyingine.

Chukua ile plagi janja ya akiba na uichomeke kati ya kitovu na kifaa kinachosumbua. Kosa lililozoeleka ni kuichomeka kando ya kifaa chenyewe. Plagi iliyo mbali na kitovu kama kilivyo kifaa hicho haiongezi kitu, kwa sababu nayo haisikiki. Inatakiwa iwe mahali ambapo inakisikia kitovu vizuri na kifaa kinaisikia vizuri. Zunguka ukuta mzito, kioo kikubwa, tangi la maji au mlango wa chuma badala ya kujaribu kupenya, kwani chuma huzuia mawimbi na maji huyameza.

Usidhani kila kilichochomekwa ukutani ni kipitishaji. Swichi nyingi zisizotumia waya wa nyutro (waya wa kurudishia umeme) hujiendesha kama vifaa vya betri kwa kukosa umeme wa kutosha, na balbu za Zigbee za Sengled zilitengenezwa makusudi zisipitishe ujumbe. Kwa maoni yangu plagi ni kipitishaji bora kuliko balbu, kwa sababu hakuna anayeizima akitoka chumbani.

Ukishaweka plagi, kifaa cha betri kinaweza kung'ang'ania mzazi wake wa zamani. Kiondoe betri kwa dakika moja, irudishe, kisha bonyeza kitufe chake. Kisipohama, fuata hatua ya 8.

7. Kwa vifaa vya Wi-Fi, hakiki mipangilio ya ruta. Idadi kubwa ya vifaa janja vya Wi-Fi hutumia gigahezi 2.4 pekee. Ruta inayotangaza gigahezi 2.4 na 5 kwa jina moja haina kosa yenyewe, lakini baadhi ya vifaa hukwama wakati wa usajili kwa kuwa simu iko upande mmoja na kifaa upande mwingine. Tenganisha majina hayo kwa muda, au washa mtandao wa wageni wa gigahezi 2.4, sajili kifaa, kisha uamue kama utarudisha.

Angalia usalama: ukiweka WPA3, aina mpya ya ulinzi wa Wi-Fi, pekee, vifaa vingi vya zamani havitaingia, hivyo chagua WPA2 iliyoitangulia au mchanganyiko wa zote mbili. Angalia kama kuna mpangilio unaozuia vifaa visionane, ambao mara nyingi huwa umewashwa kwenye mtandao wa wageni. Ukiwa umewashwa, kifaa kitaungana na intaneti lakini kitovu hakitakiona. Angalia pia wigo wa anwani ambazo ruta inaruhusiwa kugawa. Kwa mfano, ruta iliyopangiwa kugawa kuanzia 192.168.1.100 hadi 192.168.1.120 ina anwani 21 tu, na nyumba yenye simu, televisheni na balbu kadhaa huzimaliza kimyakimya. Panua wigo huo, na vifaa muhimu vihifadhie anwani isiyobadilika.

8. Unganisha upya, lakini usifute. Sasa ndipo pa kuunganisha upya. Katika Zigbee2MQTT na ZHA kifaa hutambuliwa kwa anwani yake ya kudumu ya biti 64, kwa hiyo kikiunganishwa tena bila kufutwa hurudi na jina lake na kanuni zake zote. Ukikifuta kwanza, unaweza kulazimika kujenga upya kila otomatiki (kanuni inayoviendesha vifaa vyenyewe) iliyokitegemea. Baadhi ya programu za watengenezaji hazitoi nafasi hiyo, nazo huna budi kuzifuata zinavyotaka.

Weka betri mpya, kiache kifaa mahali kitakapofanya kazi, ruhusu usajili, kisha bonyeza kitufe cha kukirejesha katika hali ya kiwandani kama maelezo yake yanavyosema. Zigbee2MQTT hukuwezesha kuruhusu usajili kupitia kipitishaji kimoja tu. Tumia uwezo huo kukielekeza kifaa kwa mzazi unayemtaka. Dirisha la usajili kwa kawaida hufungwa ndani ya sekunde 254, na wengi hubonyeza kitufe baada ya muda huo kupita. Kwa kihisi cha betri, endelea kukibonyeza kila sekunde chache hadi programu iseme imemaliza kusoma taarifa zake, la sivyo kitalala katikati ya mahojiano na kubaki na jina bila vipengele.

Dalili zinazobaki na pa kuanzia

*Kifaa kipya au cha mitumba hakionekani kabisa.* Huenda bado kinaamini kiko kwenye mtandao wa zamani. Kirejeshe katika hali ya kiwandani ingawa kimetoka kwenye boksi. Balbu zisizo na kitufe hurejeshwa kwa kuziwasha na kuzizima kwa mfuatano maalumu ambao hutofautiana baina ya watengenezaji. Kama vifaa vya kwanza viliungana kwa urahisi na vya mwisho vinakataa, kumbuka kwamba kila adapta ina ukomo wa vifaa inavyoweza kuvihudumia moja kwa moja. Ongeza kipitishaji ili vipya viingie kupitia hapo.

*Taa hutii kwa kuchelewa, au baadhi ya taa za kundi hubaki nyuma.* Zigbee hubeba kilobiti 250 tu kwa sekunde, na sehemu yake hutumika kwa mambo ya ndani ya mtandao. Otomatiki inayotuma amri kumi tofauti kwa balbu kumi huisonga njia; tengeneza kundi la Zigbee lenyewe ili amri moja ipokelewe na zote. Kisha tafuta wapiga kelele, hasa plagi zinazopima umeme na kuripoti kila mabadiliko madogo ya wati. Punguza mara za kuripoti, au zima kipimo usichokitumia.

*Vifaa vyote hupotea kwa dakika chache kisha hurudi.* Soma daftari la matukio la kitovu kwa saa hiyo. Ukiona adapta imekatika na kurudi, chunguza waya wa USB na chaja inayoipa nguvu kompyuta ndogo. Chaja dhaifu huleta dalili hii hasa diski inapofanya kazi. Ikiwa daftari ni safi na tukio hutokea wakati wa kupika, hamisha kitovu mbali na oveni ya maikrowevu, ambayo nayo hutumia eneo la gigahezi 2.4.

*Vifaa vya Wi-Fi havirudi baada ya umeme kukatika.* Balbu huwaka ndani ya sekunde chache ilhali ruta huchukua dakika kadhaa kuwa tayari, na baadhi ya vifaa hukata tamaa mapema. Subiri ruta itulie, kisha zima na uwashe vifaa hivyo. Kama kitovu kinavitafuta kwa anwani ya zamani, ule mpango wa anwani isiyobadilika wa hatua ya 7 ndio dawa.

*Kifaa cha Matter kinaonekana kwenye simu lakini kitovu hakikioni.* Matter hutegemea IPv6, mfumo mpya wa anwani za mtandao, na utafutaji wa vifaa ndani ya mtandao mmoja. Hakikisha IPv6 haijazimwa kwenye ruta, na kwamba simu, kitovu na kifaa haviko kwenye VLAN (sehemu zilizotengwa ndani ya mtandao) tofauti.

*Umebadilisha adapta na kila kitu kimepotea.* Jaribu kwanza kurejesha ile nakala rudufu kwenye adapta mpya, kwa kuwa ufunguo wa mtandao ukirudi vifaa vingi huendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Isipowezekana, jenga mtandao upya kwa mpangilio huu: kitovu mahali pake pa kudumu, kisha chaneli, kisha vipitishaji kuanzia kilicho karibu na kitovu kwenda cha mbali, na vifaa vya betri mwisho wa yote, kila kimoja kikiwa mahali kitakapokaa.